Wachumba wa Simuni

Katika fomu za uchumba tunazojaza hapa ofisini kuna swali ambalo zamani lilijibiwa kwa neno moja. Mmejuana wapi? Kijana alisema "kisimani", au "kwayani", au "mnadani", karani akaandika, wakaendelea. Siku hizi kalamu husimama kidogo. Wachumba hutazamana, kijana hukohoa, msichana huinamisha uso, kisha mmoja wao husema, "Kwenye simu, mwalimu." Nikiuliza wameonana mara ngapi, wengine hujibu mara tatu, wengine mara moja. Walikuja wawili ambao siku yao ya kwanza kuonana ilikuwa ndiyo siku ya kuja kuandikisha ndoa.

Siwacheki. Wala sitaki mzee yeyote asome habari hii kisha awanyang'anye watoto simu. Nataka tufikiri pamoja juu ya jambo moja tu. Imekuwaje vijana wawili wanaoongea asubuhi, mchana na usiku wawe na upweke mkubwa kuliko bibi zao ambao hawakupata neno la mume kwa nusu mwaka?

Maana kumpenda aliye mbali si jambo geni hapa Unyamwezi. Babu zetu walibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo, safari ya miezi. Wake wengine walifuatana na msafara, wengine walibaki na jembe. Baadaye ikaja zamu ya manamba, wanaume wakaenda Tanga na Morogoro kukata mkonge. Barua ilikaa njiani, tena ikifika ilimtafuta kwanza mtu anayejua kusoma. Wengine hawakurudi kabisa, hilo tusilisahau. Lakini kimya chenyewe hakikuwa tusi. Kilikuwa urefu wa njia tu.

Leo ujumbe hufika Dar es Salaam kabla hujafunga mdomo. Tangu mwaka 2014 WhatsApp huonyesha alama mbili za buluu mwenzako akisha kuusoma, asipokuwa ameizima. Basi msichana anaona: amesoma saa mbili na dakika tano. Sasa ni saa mbili na nusu, hajajibu. Yuko na nani? Anapiga. Haipokelewi. Anapiga tena. Saa nne usiku bado anapiga, na kesho asubuhi mama yake anauliza kwa nini macho yamevimba.

Msichana wa nyumba ya pili ameona alama zile zile, akaweka simu chini ya mto, akalala. Ni nani aliyemfundisha huyu kulala na yule kukesha? Swali hili lilianza kupata jibu zuri kwa jirani zetu wa Uganda, tena vijijini.

Mwaka 1954 alifika Kampala mtaalamu mmoja wa elimu ya nafsi, Bibi Mary Ainsworth, mzaliwa wa Marekani aliyekulia Kanada. Mumewe alikuwa amepata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii huko Makerere, naye hakutaka kukaa bure. Kabla ya hapo alikuwa London akifanya kazi na daktari John Bowlby. Daktari huyo alifundisha kwamba mtoto hashikamani na mama kwa ajili ya maziwa tu. Hushikamana naye kwa kuwa anahitaji mtu wa kumkimbilia hatari ikija. Bwana Bowlby mwenyewe alikuwa mtoto wa watu wenye nafasi, akalelewa na yaya, na yaya huyo mpenzi aliondoka mtoto akiwa karibu na miaka minne. Hata utu uzimani alilihesabu jambo hilo kuwa msiba.

Bibi Ainsworth alichagua jamaa 26 za Waganda zenye watoto wachanga 28. Kila majuma mawili alikwenda kuwaamkia nyumbani kwao, akakaa kama saa mbili pamoja na mkalimani, akaongea na mama huku akimwangalia mtoto. Shabaha yake ilikuwa kuona mtoto anavyoachishwa ziwa, kwa sababu desturi ya zamani ilikuwa kumpeleka kwa bibi yake ili asahau. Akakuta desturi imekwisha kulegea. Basi akatazama mengine, na hayo mengine ndiyo yaliyompa jina duniani.

Aliona kwamba mtoto aliyeanza kutambaa humfanya mama kuwa kituo, kama misafara ilivyoifanya Tabora. Huondoka, akagusa hiki na kile, akageuka kutazama kama mama yupo, akaenda mbele zaidi, kisha akarudi. Watoto 16 walikuwa wametulia hivyo. Walilia kidogo tu wakacheza sana. Watoto 7 walilia mara nyingi, hata mikononi mwa mama, wala hawakuthubutu kwenda mbali. Watano hawakuwa wameonyesha bado kwamba mama kwao ni tofauti na mtu mwingine.

Akatafuta sababu. Hapa nawaomba akina mama mnisikilize, na akina baba msitoke nje. Mama za wale waliotulia waliweza kumsimulia mtoto wao kwa vipande vidogo vidogo: analia hivi akiwa na usingizi na vile akiwa na njaa, hiki anakipenda, kile kinamtisha. Walikuwa wanamsoma mtoto kama mkulima anavyolisoma wingu. Mama wengine walipoulizwa walikuwa na machache ya kusema. Kitabu chenye habari hizo, *Infancy in Uganda*, kilitoka mwaka 1967.

Alipohamia Baltimore, Marekani, alirudia kazi hiyo katika jamaa nyingine 26 na kuongeza jaribio dogo la dakika kama 20. Mama na mtoto wa mwaka mmoja huingia katika chumba kigeni chenye vitu vya kuchezea. Mama hutoka kitambo, kisha hurudi. Wengi hudhani jambo lililotazamwa ni kilio wakati mama anatoka. La, jambo kubwa lilikuwa mama anaporudi. Watoto wengi hukimbilia kwake, hutulizwa, halafu hurudia mchezo. Wengine hawatulizwi: humng'ang'ania mama na papo hapo humsukuma kwa hasira. Na wengine hawamtazami kabisa, huendelea na mchezo kana kwamba ameingia paka. Watu waliwasifu hao wa mwisho kuwa ni watoto hodari. Lakini baadaye watafiti wengine walipopima mapigo ya moyo, walikuta moyo wa mtoto huyo mtulivu unakwenda mbio. Alikuwa ameumia kama wenzake, ila alikuwa amekwisha kujifunza kuficha.

Nadhani mmekwisha kuwatambua watu wazima wa namna hizo.

Mwezi Julai 1985, wataalamu wawili wa Denver, Cindy Hazan na Phillip Shaver, waliwaza hivyo hivyo. Walichapa maswali katika gazeti la mji wao, *Rocky Mountain News*, wakamwomba msomaji aseme katika mapenzi yeye ni yupi: anayewakaribia wengine bila taabu, anayeogopa kuachwa kila siku, au anayekosa pumzi mtu akimkaribia mno. Majibu zaidi ya 1,200 yaliletwa. Katika 620 ya kwanza waliyoyahesabu, 56 katika kila 100 walikuwa wa kundi la kwanza, 19 la pili, na 25 la tatu. Hesabu ya gazeti si sensa, maana hujibu anayependa kujibu. Hata hivyo mlango ulifunguliwa, na kazi yao iliyotoka mwaka 1987 imefuatwa na nyingine nyingi sana.

Sasa turudi Sikonge. Nitawapa habari ya wawili, nami nimebadili mambo kadhaa wasijulikane. Msichana ni wa kijiji cha tumbaku. Kijana yuko Geita, machimboni. Walijuana katika kundi la simu la wanakwaya, wakachumbiana miaka miwili, na katika miaka hiyo walionana mara mbili. Siku moja msichana alimpigia mara 37. Kijana alikuwa ameshuka katika duara tangu alfajiri, na simu ilibaki juu kwa mwenzake. Alipopanda na kuona idadi ile alidhani mama yake amefariki. Alipogundua kwamba hakuna msiba wowote akakasirika, akazima simu siku mbili. Siku mbili hizo msichana hakula.

Kijana aliniambia hapa hapa kwenye benchi: "Mwalimu, nampenda. Lakini akianza kulia, napata hamu ya kukimbia."

Nikamwuliza msichana habari za utoto wake. Alipokuwa na miaka minne mama yake alikwenda Dar es Salaam kufanya kazi za nyumbani, akaahidi kurudi Noeli. Alirudi Noeli ya tatu. Simhukumu mama huyo. Ada ya shule ya binti ilitoka katika mikono yake iliyofua nguo za watu. Ila mtoto alingoja Noeli mbili mlangoni, na kungoja huko kumekaa ndani yake. Kijana naye alikulia katika nyumba ambayo mvulana akilia huongezewa fimbo. Akajifunza kunyamaza barabara kabisa. Basi mmoja akiogopa husogea, mwenzake akiogopa huondoka. Kila huyu anavyosogea ndivyo yule anavyoondoka, na kila yule anavyoondoka ndivyo huyu anavyosogea. Hakuna mwovu kati yao.

Na simu humpa kila mmoja kile kinachomzidishia ugonjwa wake. Anayeogopa kuachwa hupewa kitu cha kuchungulia mara mia kwa siku: ameingia saa ngapi, amesoma, ameweka picha gani, nani ameipenda. Anayeogopa kukaribiwa hupewa mlango. Anaweza kuwa na mchumba mwaka mzima bila mtu yeyote kuingia nyumbani mwake. Mazungumzo yakifika penye uchungu, bando limekwisha. Yule aliyetulia hana shida sana. Kwake simu ni chombo tu, kama baiskeli.

Tena simu husema ujumbe umesomwa, haisemi kwa nini haukujibiwa. Mwenye simu huenda yuko msituni kurina asali ambako mtandao haukamati mpaka apande kichuguu. Huenda simu imeachwa dukani kuchajiwa kwa umeme wa jua, na aliyeusoma ujumbe ni mwenye duka. (Hili limetokea. Sitasema kijiji gani.) Yule mama wa Uganda alisoma uso, mikono na sauti ya kilio. Mchumba wa simuni anasoma maneno matano na kikaragosi kinachocheka, na yaliyobaki anayajaza kwa hofu yake mwenyewe. Fimbo ya mbali haiui nyoka, nanyi mnajua.

Paroko wetu hakuwakataza. Aliwaomba waahirishe, na kijana aje akae karibu. Akaja wakati wa kukausha tumbaku, akafikia kwa mjomba wake ng'ambo ya pili ya kijiji, akafanya kazi mabanini karibu miezi miwili. Walionana mchana, mbele za watu, katika moshi na jasho, na hakuna aliyependeza. Ndipo msichana alipoona kwamba huyu mtu akichoka hunyamaza, tena hunyamaza kwa kila mtu, hata kwa mjomba wake, hata kwa ng'ombe. Kimya chake hakikuwa na mwanamke ndani yake. Na kijana aliona kwamba msichana akiuliza "umechoka?" na akajibiwa kweli mara ya kwanza, haulizi mara ya pili. Yeye alikuwa amezoea kumjibu "kawaida tu", na hapo ndipo maswali yalipozaana.

Sasa yuko Geita tena. Wamepatana: akishuka hutuma neno moja, "nashuka", na akipanda hutuma "nimetoka". Shilingi chache kwa siku. Hasira bado zipo. Juma lililopita walizozana kwa sababu neno la pili lilichelewa saa nzima. Ndoa wanangojea soko la tumbaku.

Nimesikia pia vijana waliokwisha kusoma mambo haya mtandaoni, nao wanaitana majina. "Wewe ni mtu wa kukwepa." "Wewe ni mtu wa wasiwasi." Mmoja aliniambia ameachana na mchumba kwa sababu video ya dakika moja ilimweleza kuwa mwenzake hatabadilika. Hiyo ni elimu nusu. Wataalamu wenyewe wameona kwamba namna ya kushikamana hubadilika. Aliyekua na hofu anaweza kutulia akikaa miaka na mtu anayejibu, na aliyetulia anaweza kuharibiwa na mwenzi mkatili. Mtu ana jina lake la ubatizo, lipo katika daftari letu, na linatosha.

Wengine wataniuliza habari za watoto wetu waliolelewa na bibi, maana hapa ni wengi. Je, wote wameharibika? Hapana. Katika msitu wa Ituri, Kongo, wataalamu waliandika mnamo miaka ya 1980 habari za Waefe, ambao mtoto wao mchanga hupita mikononi mwa watu wengi na kunyonyeshwa hata na wanawake wengine, naye hukua vema. Bwana Bowlby alimtazama mno mama peke yake, na akina mama wengi waliofanya kazi walilaumiwa bure kwa ajili hiyo. Mtoto anaweza kuwa na vituo viwili au vitatu. Kinachomuumiza ni kituo kinachohama bila kumwambia. Kwa hiyo, mama, ukienda Dar es Salaam mwambie mtoto kweli, hata kama ni mdogo, na usitaje Noeli ikiwa hujui ni Noeli ipi. Nawe bibi unayebaki naye, likitajwa jina la mama yake usilinyamazishe.

Juu ya upweke wenyewe, Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwezi Juni 2025. Katika kila watu 6 duniani, mmoja ni mpweke. Tulizoea kudhani ni ugonjwa wa wazee wa Ulaya wanaokaa na paka. Taarifa inasema vijana wameshikwa sana: kati ya miaka 13 na 29 ni 17 hadi 21 katika kila 100, na walio katika miaka ya ujana wa kwanza ndio walio wengi zaidi. Tena katika nchi maskini wapweke ni kama 24 katika kila 100, mara mbili ya nchi tajiri. Nilisoma mara mbili. Sisi tunaojisifu kwa ujamaa! Lakini ukitazama kijana aliyemaliza kidato cha nne, rafiki zake wametawanyika Mwanza na Dar, nyumbani anaitwa mzigo, jioni anakaa nyuma ya nyumba na mwanga wa simu usoni, utaona idadi hiyo imetoka wapi. Mtu wa namna hiyo akipata mtu wa kumwandikia "umekula?" kila jioni atampa moyo wote, na mara nyingine pesa zote. Matapeli wa "tuma kwa namba hii" wanajua saa ya kupiga.

Kuna la picha pia, nami nitalipita haraka kwa kuwa gazeti hili husomwa na watoto. Kijana aliye mbali huomba picha ya utupu kama uthibitisho wa mapenzi. Msichana mwenye hofu ya kuachwa hutuma, si kwa tamaa bali kwa hofu hiyo. Wakigombana, picha hubaki. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za ngono kwa kompyuta au simu, na anayetishiwa aende polisi akiwa na ujumbe wa vitisho bila kuufuta. Wazazi, binti akija kwenu na habari hiyo, fimbo isubiri. Mkimpiga siku hiyo, safari nyingine atamwendea mtu mwingine, na mnaweza kukisia atakuwa nani.

Kwa wale wanaojiandaa msimu huu: sheria ya ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa itolewe siku 21 kabla, nasi husoma matangazo Dominika tatu. Tafadhali msije juma la mwisho na bibi arusi aliyeshuka kwenye basi jana usiku. Anayetoka mbali aje mapema, akae kwa ndugu, ale nao, achote maji nao, awachoshe kidogo nao wamchoshe. Mashahidi waje wenyewe. Cheti cha ubatizo kiwe kimetolewa ndani ya miezi sita, kiwe na mhuri, tena kiwe karatasi. Picha ya cheti kwenye simu haipokelewi katika ofisi hii, hata ikiwa na alama mbili za buluu.